Mbingu za Miezi ya Giza

Mwenzetu mmoja wa Amani ana binti anayesoma Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Huko, tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa. Binti kamwandikia mama yake kwamba usiku usio na mawingu watu huvaa makoti mazito wakatoka nje kutazama mianga ya kaskazini, kama utaji wa kijani unaopepea angani. Chembechembe hutoka kwenye jua, sumaku ya dunia ikazielekeza kwenye ncha zake, nazo zikigonga hewa iliyo juu sana, kilomita 100 na zaidi, hewa hiyo hung'aa. Sisi wa Unguja tuko mbali mno na ncha hizo.

Lakini miezi ya giza tunaijua. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme uliotufikia kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zilisimama, na ndoo, kama kawaida, zikatuangukia sisi na mabinti zetu. Samaki wa leo akawa wa leo tu. Mafuta ya taa yakamaliza fedha ya kitoweo. Hatutaki kuipamba shida ile.

Hata hivyo, joto la ndani lilitutoa nje. Mikeka ilitandikwa uani, televisheni kimya, na baba naye, kwa kukosa mpira wa kutazama, akakaa nasi. Watoto waliozoea taa za barabarani wakakiona Kilimia, na mwishoni mwa Januari Mirihi ikawaka nyekundu. Bibi ndiye aliyejua majina, na siku zile aliulizwa kila usiku. Asubuhi ya tarehe 15 Januari jua lenyewe lilipatwa, mwezi ukalimega sehemu kubwa.

Umeme uliporudi tulipiga vigelegele, haki yetu, na mikeka ikakunjwa. Tangu 2013 tuna waya mwingine mkubwa zaidi, na mabibi kadhaa wamekwisha kututoka na majina yao ya nyota.

Anayetaka kujaribu asingoje umeme ukatike. Januari, usiku usio na mbalamwezi, zima taa za uani kama saa mbili hivi, mgeuke kaskazini. Kilimia ni kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana. Watoto wavae mikono mirefu. Mbu wa Amani hawana huruma.