Ngamia Kasifiwa, Kitabu Je? Hoja Kuhusu Usomaji wa Garissa na Mandera

Tangu Oktoba 1996, Shirika la Maktaba za Kitaifa nchini Kenya lilipowapakia ngamia watatu masanduku ya vitabu na kuwaelekeza kwenye makazi ya wafugaji nje ya mji wa Garissa, maktaba hiyo imesifiwa kwa lugha nyingi. Mpango ulienea hadi Wajir. Margriet Ruurs aliuingiza katika kitabu chake cha watoto, My Librarian Is a Camel (2005), hata ngamia akawa ndiye jina la kitabu. Masha Hamilton wa Marekani akautungia riwaya, The Camel Bookmobile (2007). Picha za mnyama huyo mwenye shehena ya elimu mgongoni zimezunguka dunia nzima. Katika sifa zote hizo, swali ambalo hasa ndilo kazi yetu sisi wahakiki halikuulizwa: masandukuni mlikuwa na vitabu gani, nani alivisoma kabla havijapakiwa, na kwa nini aliviona vinastahili kumfikia msomaji wa pale?

Makala haya yanaipinga kauli inayosikika kila panapozungumzwa usomaji wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, nayo ni kwamba kitabu chochote ni afadhali kuliko kukosa kitabu. Tunashikilia kwamba kauli hiyo ni dharau iliyovishwa joho la huruma. Mzazi wa Nairobi mwenye uwezo hakubali mwanawe asome chochote. Huuliza, huchagua, hukataa. Mtu wa Mandera ndiye anayetakiwa ashukuru kwanza na kuchagua baadaye, au asichague kabisa. Nasi wa vyuo vikuu tumeiachia kauli hii itambe kwa kuwa inatuondolea wajibu. Ikiwa chochote chafaa, basi mhakiki hana kazi.

Lawama hii hatuwatupii wafanyakazi wa maktaba. Wao walitoka, sisi hatukutoka. Waliona kwamba gari hukwama mchangani wakati wa kiangazi na matopeni wakati wa mvua, ilhali ngamia anaijua ile njia na wenye njia wanamjua yeye. Hiyo ni akili ya kazi, na ingefaa kuigwa. Tunachokataa ni kugeuza chombo cha uchukuzi kuwa ndicho habari nzima, kana kwamba msomaji wa mashua angeuliza habari za tanga tu asiulize za shehena.

Riwaya ya Hamilton yafaa kutazamwa hapa kwa sababu imesomwa vibaya. Mhusika mkuu ni mkutubi kutoka Brooklyn anayekuja kuzungusha vitabu kwa ngamia. Kanuni ni kali: kitabu kisiporudi, kijiji kizima hupoteza maktaba. Kijana mmoja mwenye makovu anapokosa kurejesha vitabu, kijiji huingia katika mgogoro, na ndani ya mgogoro huo wazee na vijana hubishana iwapo vitabu hivyo vimeleta heri au shari. Ni kweli kwamba mwandishi amemweka Mmarekani katikati ya kazi ambayo kwa hakika ilianzishwa na kuendeshwa na Wakenya, na hilo peke yake lastahili makala. Hata hivyo, riwaya yenyewe ina shaka. Inauliza maswali ambayo waliompenda ngamia hawakuyauliza. Nayo ilipotoka, wasomaji na waandishi wa Marekani walihimizwa kutuma vitabu Garissa. Riwaya iliuliza swali, ikajibiwa kwa furushi.

Kauli tunayoipinga imejengwa juu ya dhana nyingine, kwamba watu wa huko ni watu wa mdomo wasio na utamaduni wa kusoma. Dhana hii haisimami mbele ya duksi, ambako mtoto huandika aya ubaoni, akaisoma hadi akaihifadhi, ndipo akauosha ubao na kuandika nyingine. Kiswahili chenyewe kinaikanusha. Maulidi husomwa, hotuba husomwa, khitma husomwa, na anayesoma aweza kuwa hana hata karatasi mkononi. Lugha yetu haikuwahi kuamini kwamba kusoma ni kazi ya macho pekee. Ni ajabu, basi, kwamba wataalamu wa lugha hiyo hiyo ndio wanaopokea dhana ya utamaduni wa kusoma kwa maana yake finyu kabisa.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko katika ushairi wa Kisomali. B.W. Andrzejewski, aliyekusanya na kufasiri tungo za Kisomali pamoja na I.M. Lewis katika kitabu chao cha 1964, alieleza kwamba mghani wa utungo wa mtu mwingine alitarajiwa kuuhifadhi neno kwa neno na kumtaja mtunzi wake, na kwamba kaida hiyo ilikuwa na nguvu kama sheria ya hakimiliki isiyoandikwa. Said S. Samatar naye, katika utafiti wake wa 1982, alionyesha jinsi tungo za Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyefariki mwaka 1920, zilivyoenea kwa njia hiyo na kufanya kazi ya kisiasa ambayo risasi haikuiweza.

Tuitazame kaida hii kama wahakiki, si kama watalii. Kuhifadhi utungo mrefu bila kupotosha neno ni taabu, na hakuna aingiaye taabu hiyo kwa utungo asiouthamini. Kila mhifadhi, kwa hiyo, alikuwa ametoa hukumu kabla ya kufungua kinywa. Aliposema kwamba utungo huu ni wa fulani na aliutunga kwa sababu fulani, alikuwa anaudhamini mbele ya watu wanaojua, na waliweza kumkataa yeye na utungo wake pamoja. Utungo dhaifu ulikosa vichwa vya kuubeba ukafa. Wenye nguvu ulivuka jangwa. Kutafuta kilicho chema na kukigawa vilikuwa tendo moja, na tendo hilo ndilo uhakiki. Kanda za kaseti zilipofika, kaida hii ilipata chombo kipya. Mwaka 1979 Gaarriye alianzisha mfululizo wa majibizano ya kishairi uitwao Deelley, Hadraawi na wengine wengi wakaingia, na kanda zikanakiliwa kutoka mkono hadi mkono chini ya utawala wa Siad Barre, aliyekuwa na kila sababu ya kutopenda kilichosemwa humo.

Hatudai kwamba kaida hiyo haina dosari. Buraanbur, utanzu wa wanawake, haukupata wahifadhi wengi na wenye heshima kama waliopata wanaume, na tungo zilizopotea kwa upendeleo huo hazitarudi. Kwa upande huu pwani ya Waswahili ilikuwa na bahati zaidi: utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulidumu kwa sababu ulinakiliwa na kupitishwa miongoni mwa wanawake wenyewe. Mnakili naye hakuwa mashine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtegemea kwa miswada, alikuwa mshairi na mjuzi wa kile alichokiandika. Karatasi, wino na siku za kazi vilimlazimu mtu kuchagua.

Sanduku la msaada halina mhifadhi wala mnakili. Hakuna aliyesimama nyuma yake na kusema: hiki nimekisoma, nakileta kwako kwa sababu hii. Hapo ndipo ulipo upungufu, na idadi ya vitabu haiwezi kuuziba.

Sasa tuje Mandera, pembeni kabisa ambako Kenya, Ethiopia na Somalia hukutana, kwa kuwa huko upungufu huu umewahi kuonekana kwa namna ya kutisha. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani. Tangu hapo mwanafunzi wa Mandera amesoma riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa ajili ya nchi nzima, zikiwemo Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Ni kazi nzuri, nasi hatuna ugomvi nazo. Aliyezileta darasani, akazisoma kwa sauti, na pengine akaazima nyingine ya kwake mwenyewe, aghalabu alikuwa mwalimu aliyetoka sehemu nyingine za Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizoni. Mwaka uliofuata walimu wengi kutoka nje ya eneo hilo walikataa kurudi, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kishiriki cha Garissa. Usomaji ulioning'inizwa kwa mtu mmoja mgeni, kwa mkoba wake na moyo wake mwema, ulikatwa kwa siku chache. Waliobaki walikuwa na vitabu. Waliokosekana ni wale wa kusema kwa nini visomwe.

Na je, sisi tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunaandika miongozo. Tuseme ukweli: sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili unaomfikia kijana wa Kenya ni mwongozo wa kitabu teule, wenye muhtasari wa sura, orodha ya wahusika, maudhui, na tamathali zilizopangwa kama bidhaa dukani. Mwongozo haumsaidii mtu kukipata kitabu kizuri. Humsaidia kukimaliza, na mara nyingi humsaidia asikisome kabisa. Kitabu kikitoka kwenye mtihani, nao hufa pamoja nacho. Uhakiki wetu mwingine, ule wa nadharia, tunasomeana wenyewe katika majarida kama hili.

Tutajibiwa kwamba Kisomali hakituhusu, kwamba idara zetu ni za Kiswahili. Jibu hili lingekuwa na uzito kama mtoto wa Mandera asingelazimishwa kuufanya mtihani wetu. Tumemfanya msomaji wetu kwa sheria. Hatuwezi kumkana kwa fasihi yake. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya simulizi, iwekwe katikati ya masomo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoja yao ilishinda, na twajivunia. Lakini katikati hiyo nayo imejipatia pembe zake. Mifano ya Kisomali ni adimu katika mijadala yetu ya fasihi simulizi, na mwanafunzi wa Kiswahili atakaye kumjua Hadraawi au Sayyid kwa kawaida huelekezwa kwenye tafsiri za Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mtu anayezijua lugha zote mbili ingemfaa mkutubi wa Garissa kuliko makasha kumi yaliyovuka bahari.

Kazi hiyo haihitaji ngamia wala mfadhili. Inahitaji tasnifu chache za uzamili zigeuzwe kutoka uchambuzi wa kile ambacho kimekwisha kuchambuliwa, ziwe mkusanyo na tafsiri yenye maelezo ya mtunzi na sababu ya utungo, kama alivyofanya mghani. Inahitaji pia mapitio mafupi ya vitabu vipya, ya Kiswahili kinachoeleweka, yapelekwe kwa maktaba na walimu wa kaunti hizo na watu waliovisoma, wakatia sahihi zao. Wanafunzi kutoka Mandera, Wajir na Garissa wamo madarasani mwetu. Waulizwe kwanza wao wanasoma nini, na ni nani aliyewapa.