Kipupwe kimefika: mbwa wa uani analala wapi?

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Kibaha na Kisarawe hutoa mashuka mazito kabatini. Watoto huenda shule wamevaa masweta, maji ya kuoga huchemshwa na feni huzimwa usiku kucha. Ndicho kipupwe cha Pwani. Katika nyumba nyingi, mkazi mmoja hasahauliki wakati wa kulinda lango, lakini husahauliwa wakati wa kugawana mablanketi. Huyo ni mbwa.

Baridi ya Pwani yenyewe si kali. Dar es Salaam, ambako ni jirani, joto la usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi. Hiyo si baridi ya Makete au Njombe, ambako msimu kama huu kuna siku watu huamka na kukuta umande umeganda kwenye majani. Mbwa mzima mwenye afya ana joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39. Anaweza kuumaliza usiku wa Kibaha salama, ili mradi awe mkavu.

Kwenye ukavu ndipo penye tatizo. Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Mbwa aliyelala juu ya saruji yenye unyevu, au kwenye gunia lililolowa tangu mvua ya juzi, hupoteza joto usiku mzima hata kama hakuna upepo. Mbwa wa kienyeji wana manyoya mafupi na wengi hawana mafuta mengi mwilini. Kwa hiyo mzazi anayetaka mbwa wake asitetemeke asianze na blanketi. Aanze kwa kutafuta maji yanaingilia wapi.

Jambo hili linawahusu watoto pia. Mbwa asiye na pa kulala hujitafutia mwenyewe. Atalala barazani juu ya viatu vya shule, chini ya gari, au kwenye majivu ya vuguvugu ya jiko la kuni la jirani. Ua ukiwa haujakamilika, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vinavyojengwa Kibaha, atazurura mtaani, atagombana na mbwa asiowajua na kurudi alfajiri na majeraha. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaokufa kwa ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Banda zuri halichukui nafasi ya chanjo, lakini mbwa mwenye mahali pazuri pa kulala ana sababu moja pungufu ya kutoka nje ya lango.

Familia nyingi za Pwani hazimwingizi mbwa ndani ya nyumba, na kwa familia za Kiislamu suala la tohara linajulikana. Hilo halipunguzi wajibu wa kumtunza. Wazee wengi wamewasimulia wajukuu hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze. Mbwa akikaa nje, huko nje ndiko kunakopaswa kuwekwa sawa.

Chumba cha kufungia si kitanda

Mabanda mengi ya mbwa katika wilaya hizi yanafanana: kichumba cha tofali, sakafu ya saruji, mlango wa nondo au wavu, na bati juu. Kinafaa kumfungia mbwa mchana wageni wanapokuja, kwa sababu hewa inapita. Usiku wa kipupwe hewa hiyo hiyo humpiga mbwa moja kwa moja, na saruji chini yake huwa baridi hadi asubuhi. Bati nalo hutoa jasho alfajiri, na matone yakamdondokea mgongoni.

Hakuna haja ya kubomoa. Kinachohitajika ni sanduku la kulala ndani ya banda hilo hilo. Sanduku hili liwe dogo, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Banda kubwa huonekana la kifahari, lakini mbwa hulipasha joto kwa mwili wake mwenyewe, na mwili mmoja hauwezi kupasha chumba kizima. Inatosha aweze kuingia, kugeuka na kujikunja. Kwa mbwa wa kienyeji wa kimo cha kawaida, urefu wa sentimita 90, upana wa 70 na kimo cha 70 vinatosha. Mlango uwe mwembamba, wa kupitisha mabega yake tu, na uwekwe upande mmoja badala ya katikati, ili abaki na kona isiyopigwa na upepo.

Vifaa havipo mbali. Nyumba inayojengwa haikosi mbao zilizobaki baada ya kumwaga zege, na fundi seremala hakosi vipande. Mbao zing'olewe misumari yote kwanza. Mifuko mitupu ya saruji isitumike kama tandiko, maana vumbi lake likipata unyevu huunguza ngozi ya mbwa.

Sakafu ya sanduku isiguse chini. Tofali nne za saruji zilizolazwa, moja kila kona, huliinua sentimita 12 hadi 15. Hewa ikipita chini, mbao hazilowi, na mchwa wanaonekana mapema. Mahali penye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, kama baadhi ya miteremko ya Kisarawe, kichimbwe pia kijifereji kidogo upande wa juu ili maji yapite pembeni.

Mlango uelekee wapi? Upepo wa kusi ndio unaotawala kipupwe chote, ukitoka kusini na kusini-mashariki. Katika miezi hiyo hiyo jua la pwani hupita upande wa kaskazini. Mlango ukielekea kaskazini, banda linaupa kusi mgongo na kupokea jua la asubuhi na mchana. Ni kazi ya dakika kumi, na haina gharama.

Juu ya bati, hakuna kinachoshinda makuti. Makuti mawili matatu yaliyofungwa vizuri huzuia joto la mchana lisimchome mbwa, na usiku hupunguza jasho la bati. Mwezi Januari, jua linapokuwa kali, familia itayashukuru makuti hayo hayo.

Tandiko

Watu wengi humpa mbwa nguo kuukuu au zulia lililochakaa. Vitu hivi ni vizuri vikiwa vikavu, lakini hunyonya maji, na mbwa akirudi amelowa humgeukia yeye. Afadhali nyasi kavu au majani makavu ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wakulima wa bonde la Ruvu. Mashina yake yana nafasi ndani inayoshika hewa ya vuguvugu, na maji huteremka badala ya kubaki juu. Yajazwe hadi mbwa aweze kujichimbia. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila yasiwe vumbi la msumeno, ambalo humwingia mbwa puani na machoni.

Tandiko libadilishwe kila wiki, na mara moja likilowa. Banda lenye unyevu na uchafu huvuta viroboto na kupe, na kinyesi kikiachwa kwenye mchanga wenye unyevu, minyoo ya mbwa huweza kupenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku na kumwachia vipele vinavyotambaa. Kinyesi kiokotwe kila siku. Dawa za kupulizia mikorosho au mboga zisipakwe mbwa wala kumwagwa bandani. Afisa mifugo wa kata ataelekeza dawa ya kupe inayomfaa mbwa.

Watoto wa mbwa ni suala jingine

Yote yaliyosemwa kuhusu mbwa mzima kuvumilia nyuzi 18 hayamhusu mtoto wa mbwa aliyezaliwa jana. Katika wiki ya kwanza hajui hata kutetemeka. Joto lake lote linatoka kwa mama yake na mahali alipolazwa, na anahitaji mazingira ya nyuzi 29 hadi 32. Mama akitoka kwenda kula usiku wa Julai, watoto walioachwa kwenye saruji wanaweza kupoa na kufa kabla hajarudi. Asubuhi familia husema "wamekataa kunyonya", kumbe walishapoa, na mtoto aliyepoa hana nguvu ya kunyonya.

Mbwa mwenye mimba apewe sanduku lake wiki moja au mbili kabla ya kuzaa, mahali pasipo na purukushani. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kitambaa kinene, husaidia upande mmoja wa sanduku. Upande mwingine uachwe bila chupa ili wanaosikia joto wasogee. Watoto wenyewe watamweleza mzazi hali yao. Wakirundikana na kulia bila kukoma, wana baridi. Wakitawanyika huku wakihema, joto limezidi. Wakilala kimya wakigusana, mambo ni mazuri.

Visivyofaa kabisa

Jiko la mkaa lisiwekwe bandani wala karibu na mlango wake, hata kwa nusu saa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua binadamu na mnyama, na nyasi kavu zikishika moto hakuna atakayewahi. Waya wa umeme wa kuvutia taa bandani ni hatari nyingine, kwa sababu mbwa hutafuna na mvua hunyesha. Mbwa asipakwe mafuta taa kwa imani kwamba yanaleta joto au kufukuza kupe. Huunguza ngozi, na akijilamba yanamdhuru ndani.

Asifungwe mnyororo mfupi unaomzuia kuingia kwenye sanduku. Banda zuri ambalo mbwa halifikii ni sawa na kutokuwa na banda.

Chakula nacho ni kuni za mwili. Mlo wa jioni, wakati jua linazama, humsaidia usiku kuliko mlo mmoja wa mchana. Ugali peke yake haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, mabaki ya samaki yasiyo na miiba mikali, au utumbo uliochemshwa. Maji safi yawepo hata msimu wa baridi.

Kazi ya watoto wa nyumbani

Mtoto wa miaka minane anaweza kubeba tandiko, na wa miaka kumi na miwili anaweza kulibadilisha, mzazi akiwa karibu. Ni somo la huruma na uwajibikaji, mradi lije na masharti. Mbwa aliyelala asiguswe. Mbwa anayekula au anayenyonyesha asisogelewe. Mikono inawe kwa sabuni baada ya kazi. Mbwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa hadi damu kutoka, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo. Mtoto afundishwe pia kwamba hatagombezwa akisema ameumwa. Wengi huficha wakiogopa viboko, na kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu wote hufa.

Kuhusu banda, kuna kipimo kisichohitaji fundi wala fedha. Saa kumi na mbili asubuhi, mbwa akishatoka, mzazi aingize mkono chini kabisa ya tandiko, pale mbwa alipolalia. Mkono ukitoka mkavu, na pakiwa na uvuguvugu kidogo, banda linafanya kazi yake. Ukitoka na unyevu, kazi ya Jumamosi hii imeshajulikana: kuinua sakafu, kuziba bati, na kutafuta nyasi kavu kabla jua halijazama.