JUA LA TANGA LINASINGIZIWA BURE!

Leo tuyaache kidogo ya mapenzi na disko, tuangalie chini, pale gari linapopita kutoka getini hadi barazani. Zunguka Makorora, Chumbageni au Mikanjuni, hutakosa zege la juzijuzi lililochanika kama ramani. Muulize fundi, jibu analo mdomoni: "Jua la Tanga hili, mama!"

Ndivyo alivyojibiwa shangazi yangu, aliyevunja kibubu cha miaka mitatu. "Mwanangu, hela yangu yote imelala pale chini," akaniambia. Jamani, inauma!

Jua lina sehemu yake, sikatai. Lakini kesi kubwa ni ya maji. Zege likikauka husinyaa, na likisinyaa lazima liachie mahali. Sasa fundi anayetaka limwagike laini bila jasho anazidisha maji. Yakishatoka, zege linasinyaa zaidi na linabaki legelege. Kama mchanga ni mkavu, mfuko wa kilo 50 unatosha na lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo yake. Mchanga ukiwa umelowa, punguza.

Cha ajabu, likishamwagwa, ndipo ubahili wa maji unapoanza! Saruji haishiki kwa kukauka, inashika kwa kunywa maji. Kwa hiyo lifunike magunia, ulimwagilie asubuhi na jioni siku 7 mfululizo. Gari lisubiri, nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Na joto la Januari na Februari usilichezee: mwaga asubuhi mapema au jioni.

Halafu kuna mikato. Zege la unene wa sentimita 10 likatwe kila baada ya mita 3 hivi, kina cha sentimita 2 na nusu. Kupasuka litapasuka, ila litafuata mkato, macho yasione.

Usisahau na chini. Kifusi kisiposhindiliwa, masika ikiingia kinatitia na zege linabaki linaning'inia. Mizizi ya mwembe nayo inainua. Kama umeweka nondo, mchanga wa baharini ni marufuku: chumvi inaleta kutu, nondo inafura, zege linabanduka.

Saruji yenyewe si tatizo, kiwanda tunacho hapo Pongwe. Tatizo ni haraka.

Ambaye zege lake limeshachanika, nyufa nyembamba azizibe kabla ya masika. Kipande kikishatitia, kuziba juu ni kupaka rangi upepo. Kivunjwe, udongo ushindiliwe upya.

Na wewe unayejiandaa kumwaga, usitoe hata senti kabla hujamuuliza fundi: maji ndoo ngapi kwa mfuko, na nani atamwagilia wiki nzima? Akianza kucheka, mpe chai, aende zake.

Tukutane wiki ijayo!