Wasia wa Mwenzetu Umepotea: Nyumba ni ya Nani?



Twaandika habari hii kwa huzuni, na kwa hasira kidogo pia, na hasira hiyo twaielekeza kwanza kwetu sisi wenyewe. Wengi wenu mlichanga pesa za mazishi ya mzee wetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa mwanachama tangu alipoandikwa kazi mpaka alipostaafu. Jina lake hatulitaji, kwa sababu kesi iko kortini. Basi la mazishi lilijaa, jeneza lilikuwa zuri, hotuba zilikuwa ndefu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mzee ameacha karatasi gani.

Mzee huyu alikuwa na ploti Dandora, moja ya zile zilizogawiwa katika miaka ya 1970 kwa mpango uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Wanaokumbuka siku hizo wanajua mtu alipewa nini: kipande cha ardhi, choo na mahali pa kuogea, na vyumba ajijengee mwenyewe. Akajenga. Chumba kimoja kwa pesa za ovataimu, cha pili kwa mkopo, mpaka vikawa sita; viwili akakaa yeye, vinne akapangisha. Mke wake wa kwanza alibeba mawe na maji ya simiti kwa kichwa chake, akafa kabla chumba cha tatu hakijaezekwa. Mke wa pili ndiye aliyemlisha na kumwosha mzee katika ugonjwa wa miaka minne. Kila upande una jasho lake katika nyumba ile. Lazima tuseme hivyo, maana huko kiwandani tumesikia watu wakimfanya kijana mkubwa kuwa shetani na mama kuwa malaika, na wengine wakisema kinyume chake.

Mzee hakuwa mjinga. Aliandika wasia. Twajua kwa sababu aliuandika katika karatasi za daftari, akauleta kazini saa ya chakula, na wenzetu wawili wakatia sahihi zao baada ya kumwona akitia yake. Akaukunja, akautia katika bahasha, na tangu siku ile hatujui mtu aliyeuona ila yeye. Ulikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Usiku wa pili wa matanga sanduku lilikutwa wazi: risiti za maji zimo, picha zimo, kadi yake ya chama imo, bahasha haimo.

Kijana mkubwa, ambaye ni wa mama wa kwanza, asema mama ameificha. Mama asema kijana ameichoma. Wakili wa kijana ameleta neno la tatu, kwamba mzee mwenyewe aliuchana wasia wake kabla ya kufa. Na hapo, ndugu, ndipo penye hatari. Korti zina desturi ya zamani kwamba wasia uliokuwa mkononi mwa mwenyewe, usipoonekana baada ya kufa kwake, hudhaniwa kuwa aliuharibu yeye kwa kukusudia kuufuta, mpaka mtu alete ushahidi wa kuivunja dhana hiyo.

Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1981, haiufungii mlango wasia uliopotea. Yasema kwamba mwenye kuomba aweza kuleta nakala iliyothibitishwa, au ataje majina na anwani za watu wanaoweza kushuhudia yaliyokuwa ndani yake. Nakala haiko. Na mashahidi? Mmoja alimtangulia mzee kaburini. Wa pili yu hai, nasi tulikaa naye jioni nzima tukimwuliza. Alitujibu kweli tupu: alimwona mzee akitia sahihi, akatia yake, hakusoma, kwa sababu si adabu kusoma siri ya mtu. Hakukosa. Sheria haimtaki shahidi ajue yaliyoandikwa. Lakini sasa aweza kuiambia korti kwamba wasia ulikuwako, na hawezi kuiambia nyumba alipewa nani.

Mama naye asema mume wake alimwambia hospitalini kwamba nyumba ni yake na watoto wadogo. Sisi twamwamini. Hata hivyo wasia wa mdomo hushika ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafa katika miezi mitatu. Mama alikuwa peke yake kando ya kitanda, na mzee aliishi nusu mwaka zaidi.

Basi ikiwa wasia hautaonekana, mambo yatakuwaje? Hapa wengi wetu twaamini uongo. Twaamini mzaliwa wa kwanza wa kiume ndiye mwenye nyumba. Sivyo. Marehemu akiacha mjane mmoja na watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani, na mali iliyobaki huitumia maisha yake, ila hawezi kuuza ardhi bila ruhusa ya korti. Baada yake watoto wote hugawana sawa, wa mama wa kwanza na wa pili, wa kiume na wa kike. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja ya kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa ataolewa. Mwenye wake wawili walio hai hesabu yake ni nyingine: mali hugawiwa kila nyumba kwa kadiri ya watoto wake, na kila mjane huhesabiwa pamoja nao kama mmoja. Na ndugu zetu Waislamu wana sheria yao kwa Kadhi, ambako wasia hauzidi theluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi mmoja fungu bila wenzake kukubali.

Kwa hiyo kijana aliyewazungukia wapangaji akiwaambia kodi waipeleke kwake hakuwa na idhini ya mtu. Kuingilia mali ya marehemu kabla ya korti kumtaja msimamizi ni kosa, na adhabu yake ni faini mpaka shilingi 10,000, au kifungo mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Neno hilo hilo twamwambia mjomba wa upande wa mama, ambaye amekwisha leta mnunuzi wa ploti.

Tumesikia wanachama wawili watatu wakisema kwamba chama ni cha mishahara na saa za kazi, mambo ya nyumba za watu hayakihusu. Twawauliza: nyumba ile ilijengwa kwa nini kama si kwa mishahara ile tuliyoipigania? Ovataimu ile ilitoka wapi? Tukikaa mezani na mwajiri miezi sita kwa ajili ya nyongeza, kisha matunda yake yaliwe na mawakili wa pande mbili, tumefanya kazi ya nani?

Wengine wasema kuandika wasia ni kujichuria. Haya. Bwana S. M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri, na alipofariki Desemba 1986 mjane na ukoo walishindana kortini mpaka Mei 1987 juu ya mahali pa kumzika, mashahidi wakibishana alisema nini alipokuwa hai. Hilo lilikuwa kaburi tu, halikuwa nyumba yenye kodi kila mwezi.

Sisi twaona tawi letu lifanye jambo. Mawakilishi wa idara watenge jioni moja kila baada ya miezi mitatu, mwanachama apate mashahidi wawili ambao hawamo katika wasia wake. Maana shahidi aliyepewa kitu katika wasia aliousaini aweza kukikosa. Mwenye wasia aandike nakala nayo itiwe sahihi vile vile, aiweke kwa wakili au kwa mtu mwingine wa kuaminika, na awaambie watu wawili iko wapi. Akifuta wasia wake, aseme kwa maandishi kwamba ameufuta. Akioa baadaye, aandike upya, kwa kuwa ndoa huufuta wasia wa kwanza, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Na asidhani karatasi ya mrithi aliyojaza kwenye SACCO yatosha. Karatasi ile ni ya pesa zilizoko SACCO, haijui habari za ploti.

Mwenzetu mmoja wa kamati alitaka wasia ziwekwe katika kabati la ofisi ya tawi. Tulimkatalia. Kabati lile limebadilishwa kufuli kila baada ya uchaguzi, na mpaka leo kuna daftari la michango ambalo kila katibu asema alimwachia mwenzake.

Kesi itasikizwa tena mwezi ujao. Shahidi wetu atakwenda, na kamati imempa nauli na imemwombea ruhusa kwa msimamizi wake wa kazi. Mama kwa sasa analala katika chumba cha mwisho, karibu na choo. Vile viwili vya mbele kijana ametia kufuli. Mmoja wa wapangaji ni mwanachama wetu pia, akaja kutuuliza kodi ya mwezi huu ampe nani. Tumemwambia aiweke kando, aandike tarehe na kiasi mbele ya mtu, na asimkabidhi yeyote mpaka korti imtaje msimamizi.