Aliyeuzwa Asishitakiwe

Mabasi yanayotoka Singida kwenda Dodoma na Dar es Salaam hupita Issuna, wilayani Ikungi. Kwa miaka mingi mabinti wa mkoa huu wamepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, wengine kwa ahadi ya kusomeshwa au kufundishwa cherehani. Tuseme mmoja wao ana miaka 15. Tangu afike hajaonja mshahara, simu amenyang'anywa, geti linafungwa kwa kufuli. Siku anayotoroka anachukua nauli mezani. Mwajiri anawahi polisi, na jalada linafunguliwa: wizi. Aliyemtoa kijijini kwa hadaa hatajwi popote.

Sheria ya Tanzania ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inasema ridhaa ya mhanga haimwokoi aliyemsafirisha. Ikiwa kukubali kwake hakuhesabiki, kwa nini alichokitenda ili ajinasue kihesabiwe kama cha mtu aliyekuwa huru?

Kenya, katika sheria yake ya 2010, ilitamka wazi kwamba mhanga hawajibiki kijinai kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Uganda ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2009. Wapo wanaohofia wahalifu watajificha humo. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu maneno "moja kwa moja" yana uzito: aliyechukua nauli ya kukimbilia analindwa, anayeiba miaka kadhaa baada ya kuwa huru halindwi.

Wengine watasema huruma ya dola inatosha. Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alitangaza kuachiwa kwa Waethiopia 1,789 waliofungwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Ulikuwa uamuzi wa utu. Si kila mmoja wao aliuzwa. Waethiopia wengi wanaopita nchini huwalipa madalali wawafikishe Afrika Kusini. Lakini yeyote aliyeuzwa kati yao alistahili kutambuliwa kabla ya hukumu. Msamaha humkuta mtu ameshaandikwa mkosaji na ameshalala gerezani.

Kwa hiyo kinga ianzie kwenye maelezo ya kwanza kituoni, ofisa ustawi wa jamii akiwapo. Nani alikuleta? Mshahara wako anashika nani? Ungeweza kuondoka? Majibu yakionyesha alisafirishwa, anayepaswa kutafutwa ni dalali. Na kama kesi imeshafika mahakamani, Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuiondoa. Ayatumie.