Kwa mchezaji wa wasaa, ya mtumba yatosha
Mwandishi mpendwa, makala yako nimeisoma kwa makini, na katika mengi naafikiana nawe; lakini pale uliposema kwamba hata mtu asiyecheza ila jioni mojamoja hana budi kununua kompyuta mpya iliyoundwa mahususi kwa michezo, niwie radhi, hapo twahitilafiana. Yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, iliyokwisha kustaafu ofisini, niliyoinunua Kariakoo nikaitia kadi ya picha ya GTX 1650, lile toleo la wati 75 ambalo hupata umeme wake wote kutoka kwenye mazabodi, na GTA V yaenda bila kukwama. Nawe ndugu uliyeuliza hapo juu kama kadi yoyote yafaa, tahadhari: kwanza pima kasha, kwani yale membamba hayapokei ila kadi za kimo kifupi, kisha tazama kama kadi ina tundu la waya wa ziada, maana pawasaplai za ofisini aghalabu hazina waya huo. Fedha itakayosalia inunulie SSD, na RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili, wala si kimoja.