Mnyonge Mnyongeni, Lakini Jina Lake Mpeni

Wahenga walituachia neno lisemalo: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wengi walisikiapo neno hilo hufikiria ujira, shamba au urithi. Lakini iko haki nyingine isiyopimwa kwa mizani, nayo ni haki ya mtu kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi aliyoifanya. Haki hiyo ndiyo aliyonyimwa Bill Finger, mwandishi wa Marekani, kwa muda wa miaka 76. Na walioanza kumtetea hawakuwa mahakimu wala mawakili, bali wasomaji wa kawaida waliokutana naye ana kwa ana katika mkutano wa wapenzi wa vitabu vya katuni.

Watoto wa nchi nyingi humtambua Batman, yule shujaa mwenye joho jeusi na kinyago chenye masikio ya popo, ambaye hutoka usiku kuwasaka wahalifu. Alionekana kwa mara ya kwanza katika gazeti la katuni liitwalo Detective Comics, toleo namba 27, la Mei 1939. Hadithi hiyo ilitajwa kuwa ni kazi ya mtu mmoja tu, mchoraji Bob Kane.

Ukweli ulikuwa mwingine. Kane alikuwa amechora shujaa mwenye mavazi mekundu na mabawa magumu yaliyotandazwa mgongoni. Alipomwonyesha rafiki yake Finger, kijana muuza viatu aliyetamani sana uandishi, Finger alishauri mabawa yaondolewe na mahali pake pawekwe joho. Rangi nyekundu iachwe. Mikono ivikwe glovu. Na kichwa kifunikwe kinyago chenye masikio yaliyochongoka. Jina la kawaida la shujaa huyo, Bruce Wayne, Finger alilipata kwa kuunganisha jina la Robert Bruce, mfalme wa kale wa Uskoti, na la Anthony Wayne, jemadari wa Marekani. Jina la mji wake, Gotham, alilipata katika kitabu cha simu, kwenye jina la duka la vito. Hadithi ya kwanza aliiandika yeye, na ile ya mwaka 1940 iliyomleta adui maarufu aitwaye Joker aliiandika yeye pia.

Pamoja na hayo, Kane alikuwa amekwisha kupatana na wachapishaji kwamba jina lake peke yake litajwe. Finger alilipwa kwa kila hadithi aliyoikabidhi, kisha akaenda zake. Siku zile wachapishaji wengi hawakuona haja ya kutaja majina ya waandishi wa katuni. Msomaji alinunua gazeti, akalisoma, akafurahi, asijue ni akili ya nani iliyomfurahisha.

Pazia hilo lilianza kufunuliwa kwa njia ndogo ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhariri Julius Schwartz alianza kuchapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kwa hiyo kijana wa mji mmoja aliweza kumwandikia mwenzake wa mji mwingine mwenye mapenzi kama yake. Barua zikazaa urafiki, na urafiki ukazaa vijigazeti vilivyotolewa kwa mashine za kurudufu. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Detroit. Hatimaye watu hao wakataka kuonana. Mwaka 1964 mikutano midogo ilifanyika Detroit na New York.

Tarehe 31 Julai na 1 Agosti 1965 ulifanyika mkutano mkubwa zaidi mjini New York, katika Hoteli ya Broadway Central. Mbele ya wasomaji waliketi watu waliokuwa wakisomwa kwa miaka mingi bila kuonekana: Otto Binder, Gardner Fox, mhariri Mort Weisinger, na pamoja nao Bill Finger, aliyekuwa na umri wa miaka 51. Hapo ndipo inapoonekana faida ya mikutano ya namna hii. Katika barua mtu huuliza jambo na kungoja jibu kwa majuma. Katika mkutano huuliza na kujibiwa papo hapo, tena mbele ya mashahidi. Wale vijana waliotumia fedha zao kununua magazeti tangu utotoni walikuwa na maswali ambayo hakuna mwandishi wa habari aliyejali kuyauliza: nani alianzisha hiki, nani aliandika kile.

Bails alizungumza na Finger, na mwaka huo huo akaandika makala akieleza kwa urefu sehemu ya Finger katika kumwumba Batman. Makala hiyo ilisomwa na watu wachache tu, lakini ilimfikia Kane. Akaandika barua ndefu ya kukanusha, akishikilia kwamba yeye peke yake ndiye muumbaji. Hata hivyo, neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno likishatoka halirudi kinywani.

La kusikitisha ni kwamba Finger hakuyaona matunda yake. Alifariki Januari 1974, jina lake likiwa bado halijawekwa katika orodha ya waumbaji wa Batman. Mwaka 1989 Kane mwenyewe, akisimulia maisha yake katika kitabu, alikiri kwamba Finger hakupewa heshima aliyostahili. Maungamo hayo hayakumrudishia marehemu chochote, na maandishi rasmi hayakubadilika.

Wapenzi wa katuni ndio waliokataa kusahau. Mwaka 2005, kwa shauri la mchoraji Jerry Robinson, aliyefanya kazi pamoja na Kane na Finger tangu ujana wake, ilianzishwa Tuzo ya Bill Finger. Hutolewa katika mkutano mkubwa wa San Diego kwa waandishi wa katuni ambao kazi yao haikuthaminiwa ipasavyo, walio hai na waliokwisha kufariki. Mwandishi Marc Tyler Nobleman alifanya uchunguzi wa miaka kadhaa, akampata mjukuu wa Finger, Athena, aliyezaliwa baada ya babu yake kufariki, na mwaka 2012 akatoa kitabu juu ya maisha ya mzee huyo. Athena akasimama kudai jina la babu yake. Mwezi Septemba 2015 kampuni yenye Batman ilitangaza kwamba Finger atatajwa pamoja na Kane. Na mwezi Desemba 2017, njia moja katika mtaa wa Bronx, alikokulia Finger, ikapewa jina lake.

Mkutano wa San Diego, ambao Agosti 1970 ulihudhuriwa na watu wapatao 300, siku hizi hukusanya zaidi ya watu 130,000. Makampuni ya filamu hufika na matangazo yao, wauzaji hupanga bidhaa zao, na wageni hupita wamevaa kama mashujaa wawapendao. Mtu mzima akitazama kwa mbali huenda akasema ni mchezo wa watoto. Lakini katikati ya makelele hayo bado zipo meza ambapo mchoraji huketi na kalamu yake, na msomaji husogea na kitabu kilichochakaa akamwambia, "Kitabu hiki nilikisoma nilipokuwa mdogo." Asiyekuwa na jina hawezi kuambiwa maneno hayo.

Wala haki ya Finger haiondoi haki ya Kane. Kane alichora, alibisha hodi kwa wachapishaji, na bila yeye huenda shujaa huyo asingalizaliwa. Kosa halikuwa kumtaja Kane. Kosa lilikuwa kumtaja peke yake.

Kisa hiki kina funzo kwa kila nyumba, hata ile isiyo na kitabu cha katuni. Mtoto aletapo kitabu nyumbani, mzazi na amwulize, "Ni nani aliyekiandika? Ni nani aliyechora picha zake?" Mtoto aliyezoezwa kusoma jina kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza hujifunza kwamba hadithi haiangukii watu kama mvua, yuko mtu aliyekesha akiitafuta. Na yeye mwenyewe achorapo picha, hata ya kuku juu ya kipande cha karatasi, na afundishwe kuandika jina lake chini yake; na kama alisaidiwa na ndugu yake, aliandike na la ndugu yake.